Kijiji Kilichopunguziwa Moto

Sauti ya kwanza ya kwaya ya Lwangilo ilipoimba besi, waumini waliendelea kusinzia. Bibi Tamari Mahenge peke yake ndiye aliyegeuza shingo kutazama kulikoni.

Waimbaji walikuwa wale wale, mabinti na mama vijana waliozoea kuimba mpaka bati la kanisa likatetemeka. Leo walikuwa wanaukoroma wimbo. Wimbo wa ufufuo ulikwenda mwendo wa mazishi, na mwalimu wa kwaya, ambaye siku zote hupunga mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki, aliinua kidole kimoja akakisahau huko huko juu.

Tamari akaanza kuyapanga kichwani. Mwezi mzima alikuwa akiyaona moja moja. Watu wanajitanda mablanketi jua la mchana. Nyuso zimevimba kama za waliolia. Nywele zinabaki kwenye kitana. Vyoo, Mungu amsamehe kwa kuviwaza kanisani, vilikuwa karibu kuota majani mlangoni kwa kukosa wageni. Na kubwa kuliko yote, Mwenyekiti Zakayo Sanga alikuwa ametangaza kwamba mgao wa mahindi kutoka ghala la kijiji unapunguzwa, na hakuna aliyebisha. Watu wa Lwangilo hao, waliowahi kuvunja mkutano kwa sababu ya jogoo, na jogoo mwenyewe alikuwa ameshaliwa.

"Watu wasiogombana wamelishwa kitu," Tamari akajisemea, akafunga kitabu cha nyimbo. Siku nyingi hata yeye hakuwa amesengenywa, na hilo nalo lilimuuma.

Yeye alikuwa macho kwa sababu ya kovu. Lilipita chini ya koo lake kama ushanga wa mtu bahili, uzi mmoja tu. Alipokuwa msichana, huku juu milimani kulikuwa bado na rovu. Mvua ya miaka na miaka ilikuwa imeyaosha madini joto udongoni ikayapeleka mabondeni, kwa watu wasiojua hata kushukuru. Viazi vikaota bila kitu ndani, na tezi za shingo za watu wa juu zikavimba kwa kutafuta kisichokuwepo. Rovu la Tamari lilifikia ukubwa wa ngumi ya mwanamume, likakatwa hospitali pamoja na tezi yenyewe. Tangu hapo akawa anameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai, kimfanyie kazi ya tezi asiyokuwa nayo.

Wenzake walipata punje. Shirika la Mizani lilipanda mlima likamtia kila mtu shingoni kijipunje kidogo kama ulezi, kando ya tezi. Ndani yake mlikuwa na madini joto ya miaka mingi. Punje iliilisha tezi kidogo kidogo, ikaichochea au kuituliza kwa amri ya mnara uliosimamishwa nyuma ya zahanati. Tezi ikichochewa mno, moyo hukimbia na macho hutaka kutoka. Ikitulizwa mno, mtu hupoa, huvimba, hulala. Mnara uliwashika katikati. Chumvi ya madini joto ikaondolewa dukani isije ikazidisha mambo, ikaletwa chumvi tupu. Rovu likaisha. Watoto wakazaliwa na akili kali mpaka walimu wakalalamika.

Tamari aliwahi kuuliza mkutanoni mshale wa kuuamuru mnara huo atakuwa anaushika nani. Akaambiwa asiye na tezi hana kura.

*

Alipofika nyumbani alimkuta mkwewe Asnathi amelala kando ya mafiga, mwiko mkononi, chakula kinaungua.

"Kamwene, mwanangu," akasema, akiepua sufuria.

"Kamwene, mama." Sauti ilitoka nzito kama ya mzee wa kanisa. "Nilifumba macho kidogo tu."

"Kidogo hicho kimekula sufuria. Unasikia baridi?"

"Baridi ya ndani. Wala sina njaa. Kula wewe."

Tamari akalitazama blanketi alilojizungushia kiunoni. Kilichokuwa chini yake walikijua wote wawili, na hakuna aliyewahi kukitaja. Ndivyo ilivyo Lwangilo: mimba haisemwi mpaka tumbo lijiseme lenyewe mbele za watu. Mama mkwe haulizi, mkwe hasemi, maana jicho baya lina masikio. Tamari alijua siku Asnathi alipoichukia harufu ya vitunguu, akaanza kumwachia kigoda cha karibu na moto. Asnathi alijua amejulikana kwa kukiona kigoda. Mazungumzo yakaishia hapo. Lutengano, mwanawe na mume wa Asnathi, alikuwa mabondeni kikazi, ng'ambo ya barabara iliyokatwa na maporomoko, na yeye hakuwa amepata hata kigoda.

Tamari akamgusa shingo kana kwamba anamwondolea uchafu. Ngozi ilikuwa kavu na ya baridi kama ya mjusi wa asubuhi.

Hapo akamkumbuka Yona, kaka yake. Yona alizaliwa na mama mwenye rovu, katika miaka ile ambayo mlima mzima ulikuwa na shingo nene. Hakusikia, hakusema, na alipofikia umri wa kuoa bado alikuwa anafunguliwa vifungo vya shati. Alipenda kukaa akitazama maji yakichemka. Mama yao aliingia kaburini akiwa bado anajiuliza alimkosea nani.

"Nakwenda kwa Kezia," Tamari akasema. "Usilale karibu na moto, utaniungulia na wewe."

*

Kezia Chaula, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa muuguzi wa zahanati na mtunzaji wa mnara. Tamari alimkuta amejikunyata ndani ya koti zito mbele ya kioo cha mnara. Kiooni kulikuwa na mishale miwili: wa watoto umesimama katikati, wa watu wazima umelala chini kabisa.

"Kamwene, mama mkubwa," Kezia akasema polepole. "Nilikutegemea siku nyingi."

"Nilidhani mko matangani, nikaona nisiingie bila kualikwa. Nani ameushusha huo?"

"Kaa kwanza."

"Nikikaa nitalala kama nyinyi. Ni Zakayo? Ameuza mahindi, sasa anatulaza tusiulize?"

"Mahindi yapo, kama yalivyobaki. Nimeushusha mimi, Zakayo akakubali. Na wangu pia umeshuka, unaniona."

"Kwa hiyo dereva naye amelala."

Kezia hakucheka. Alieleza kwa taratibu, akipumzika katikati ya maneno. Sakitu, ule umande wa barafu, ilikuwa imeunguza viazi vyote usiku mmoja. Barabara ilikuwa imekatika, na waliopigiwa simu walisema watakuja kuitengeneza, kwa sauti ile ya watu wasiokuja. Ghala lisingefika mavuno. Ndipo alipowaza kwamba tezi ndiyo moto wa mwili. Ukipunguza moto, kuni zinadumu. Mtu aliyepoa hula kidogo wala haoni amenyimwa.

"Watoto sijawagusa," akasema. "Wana mshale wao."

"Na hukutuambia."

"Ningewaambia, mngekubali?"

"Tungekukatalia, tungekutukana, halafu labda tungekubali. Ndivyo watu wanavyokubali." Tamari akakisogelea kioo. "Hili dude halijui kumtenga mtu mzima na mwenzake?"

"Halijui. Ndiyo maana huuliza kwanza." Kezia akagusa kioo, na sauti ya mwanamke wa mbali, yenye adabu nyingi, ikasema: Kabla ya kushusha, je, yupo mwenye mimba? "Ukijibu ndiyo, mshale haushuki. Nilipita kila nyumba, mama mkubwa. Kwako nilisimama mlangoni nikakuuliza wazi kama Asnathi ana mimba. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Tamari alikumbuka. Alikuwa amesema Asnathi ananenepa kwa uvivu, akacheka, akamfungia mlango.

"Nawe umezaliwa hapa hapa," akasema. "Ulitegemea mama mkwe gani akujibu ndiyo?"

Kezia akainamisha kichwa. "Niliogopa njaa. Nikapewa jibu nililolitaka, nikalipokea."

Wakatazamana. Tamari alikuwa amekuja kumkamata mtu aliyeficha jambo, sasa kibanda kile kilikuwa na wawili.

"Kwa hiyo ni kweli," Kezia akasema.

"Sijasema kitu."

"Mama mkubwa."

"Nimesema sijasema."

"Basi sikiliza, halafu usiseme. Mtoto wa miezi ya mwanzo hana tezi yake. Anaazima joto la mama, na kwa joto hilo ndipo ubongo unapojengwa. Akilikosa sasa, hakuna dawa ya kumlipa baadaye. Yona aliipata hiyo dawa?"

"Usimtaje Yona. Pandisha mshale."

"Nikiupandisha, wote wataamka na njaa ya kweli. Ghala litaisha viazi vikiwa bado maua. Nimeshawaza ni wazee gani wataondoka kwanza. Hutaki nikutajie."

"Na vidonge vyangu?"

Kezia akafikiri. "Vitamfaa. Nitakuambia kiasi. Wewe utapoa lakini."

"Mimi nimeshazaa. Nipoe tu."

"Vitamfaa mmoja. Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe. Mimi kila nyumba imeniambia hakuna."

Tamari akajifunga kitenge upya, akakaza fundo kuliko lilivyohitaji. "Kila mtu amjue wa kwake," akasema, akatoka.

*

Asubuhi iliyofuata akaweka kidonge kando ya kikombe cha Asnathi.

"Cha nini, mama?"

"Cha baridi. Meza kabla ya chai."

Asnathi akakitazama kidonge, akamtazama mama mkwe, akakitia kinywani. Ikawa hivyo kila siku. Tamari hakueleza, kwa sababu kueleza ni kutaja, na alijipongeza kwa jinsi alivyolimaliza jambo zito bila kulifungulia kinywa.

Polepole akaanza kupoa. Kwanza vidole. Kisha akawa anaanzisha mzaha, ukamkimbia kabla hajafika kwenye kicheko, akabaki ameacha mdomo wazi mbele ya watu. Miguu ikawa mizito kama amevaa viatu vya marehemu mumewe. Alivumilia. Alimwangalia Asnathi kila siku akingoja aamke, aanze kuimba, aombe chumvi izidishwe. Asnathi aliendelea kulala.

Aliyeamka alikuwa kuku. Tamari alimwona uani, tetea mwekundu, anazunguka banda kwa mbio, amemfukuza jogoo, amemfukuza paka, sasa anagombana na kivuli chake.

Tamari akakaa chini kizingitini. Ilimchukua muda, maana kichwa nacho kilikuwa kimepoa, lakini akafika.

"Asnathi. Huyu kuku ana nini?"

Asnathi akasimama mlangoni, blanketi kiunoni. Hakukana. "Amekula vidonge vyako, mama. Nilikuwa naviweka chini ya ulimi, ukigeuka navitema."

"Kwa nini?"

"Kijiji kizima kinalala. Wewe peke yako unatembea, unacheka, unapekua mambo ya watu. Kisha unaniletea kidonge, cha nini husemi. Na watu wanasema."

"Wanasema nini? Nilidhani hawana nguvu."

"Kwa hilo walipata. Wanasema wewe ndiye unayetunyonya joto."

Tamari alitaka kucheka na kutaka kulia, na kwa ubaridi ule vyote viwili vilikataa kutoka. Miaka yote alikuwa akiwashuku watu. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu aliye macho kati ya waliolala hushukiwa wa kwanza.

"Ni kwa ajili ya mtoto," akasema.

Asnathi akaziba mdomo kwa kiganja, akageuka kutazama njiani. Neno lilikuwa limetoka, na hakuna aliyeanguka. Tamari akalifuata na mengine: mshale, ghala, sauti yenye adabu ndani ya kioo, jibu alilolitoa mlangoni. Mwisho akamweleza habari za Yona na vifungo vya shati lake. Asnathi alikuwa ameolewa katika nyumba ile bila kuwahi kulisikia jina hilo.

Asnathi akakaa kizingitini kando yake. Mkwe na mama mkwe hawakai kizingiti kimoja, lakini walikuwa wameshavuka mengi.

"Sasa hivi nitakimeza," akasema. "Lakini mama, hatuko mmoja."

"Kina nani?"

"Hatuambiani. Ila tunachota maji pamoja, na anayejitwisha ndoo kwa uoga unamjua. Yuko wa kwa Bibi Melania. Yuko mke wa fundi bati." Akashusha sauti. "Yuko mkwe wa Mwenyekiti."

"Zakayo anajua?"

"Nani amwambie?"

Tamari akamtazama yule kuku, aliyekuwa sasa anajaribu kuupanda ukuta. Angeweza kunyamaza. Wa kwake angekuwa na kidonge, na asiyejulikana hana wa kumlilia. Hakuna mtu Lwangilo angemlaumu kwa kushika desturi. Mama yake mwenyewe aliishika, na majirani zake, kila mmoja na shingo yake na mtoto wake wa kimya, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama na kwake iko hivyo.

"Nikisimama mkutanoni nitakutaja," akasema. "Nisipokutaja wewe, sina haki ya kuwauliza wao."

"Na jicho?"

"Jicho lipo. Siwezi kukudanganya kwamba halipo."

Asnathi akalikaza blanketi kiunoni.

"Waite," akasema.

*

Walikusanyika mbele ya ghala, mablanketi kwa mablanketi, kama magunia yaliyosahauliwa na lori. Mwenyekiti Zakayo alifungua mkutano, akasahau alichofungua, akakumbushwa na Kezia. Kezia alisema kila kitu. Ingekuwa kijiji chenye moto wake, mawe yangeruka. Sasa kilipita mnong'ono mzito tu, na mzee mmoja akasema, "Ahaa," kama mtu aliyeonyeshwa alipoweka miwani.

Kisha Kezia akasema, "Mnara huuliza swali moja. Mimi nililijibu vibaya. Mama mkubwa ana neno."

Tamari akasimama. Ulimi wake ulikuwa umejulikana kuvuka bonde na kurudi na majibu. Leo aliufungua mdomo na hakikutoka kitu. Maneno yalikuwa ndani, aliyaona, lakini yalikuwa yamelala moja juu ya jingine. Akatazama nyuso zile. Zilikuwa zinamtazama kama mwizi wa joto aliyekamatwa hana la kujitetea.

Asnathi akainuka kando yake. Alilifungua blanketi kiunoni, akalikunja, akalishika mkononi. Halikuwa tumbo la kujisema lenyewe bado. Ilibidi alishike kwa kiganja ndipo watu waelewe.

"Mimi ninaye," akasema kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa. "Kama kuna mwingine, asimame, nisiangaliwe peke yangu."

Halafu Bibi Melania, mzee aliyeshindana na Tamari tangu wakiwa mabinti, akamsukuma mkwewe mgongoni kwa fimbo, siyo kwa ukali. "Simama, mwanangu. Nimekuwa nakuachia maziwa nikisingizia paka." Mke wa fundi bati akasimama, na mumewe akamtazama kama mgeni. Wakasimama wawili ambao hata Asnathi hakuwajua. Wa mwisho alikuwa binti mwembamba nyuma kabisa, na Mwenyekiti Zakayo alipomtambua ni nani, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla ya sakitu, baba," yule binti akasema.

Zakayo akakaa. Alikuwa amelilinda ghala kwa ajili ya kijiji, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameukubalia ubaridi uingie tumboni mle.

"Tukipandisha, mahindi hayafiki," akasema, na haikuwa wazi anamwambia nani. "Kuna watakaoondoka."

"Kina mimi hao," akasema Bibi Melania. "Hata sasa nimeshaondoka nusu, na sikuulizwa. Niulizeni. Nikienda, nataka niende nikiwa macho, nimwone Tamari akinililia."

"Sitakulilia," Tamari akasema. Hayo ndiyo maneno yaliyopata njia.

Wakainua mikono, anayetaka mshale upandishwe. Iliinuka taratibu kama mvuke, mingine ikasita njiani, mingine haikuinuka kabisa, na walioiacha chini hawakutukanwa. Kezia hakungoja wasinzie tena. Alikwenda nyuma ya zahanati, na watu wakamsikia mwanamke wa ndani ya kioo akishukuru kwa adabu.

Wakati wa kurudi nyumbani Asnathi hakulivaa blanketi. Tamari alitangulia mbele yake, mzito, akiyakagua macho ya kila mtu pembeni mwa njia, lipi zuri lipi baya, na hakuweza kuyatofautisha. Nyuma yao Bibi Melania alikuwa anafanya vivyo hivyo kwa ajili ya wa kwake, na fundi bati, na Mwenyekiti.

"Mama," Asnathi akauliza walipofika uani, "atakuwa mzima?"

Tamari alitafuta mzaha. Hakuupata, akaacha kuutafuta. "Kezia anasema hajui. Anasema tutajua akianza kusema."

Siku zikapita chache, kijiji kikachemka kutoka chini kama maji. Kwanza wakagombana wawili kisimani. Kisha wakasengenya. Sauti ya kwanza ya kwaya ikarudi mahali pake, na ghala likaanza kuonyesha sakafu.

Asubuhi moja Tamari alikuwa anakoroga uji ambao ulikuwa maji kuliko uji. Asnathi akaja akasimama nyuma yake, akachungulia chunguni, macho yake yamefunguka, shingo yake ina jasho.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba, ile yake mwenyewe, "nina njaa."

Tamari akafunga macho, akamshukuru Mungu. Halafu akayafungua, akatazama ndani ya chungu.